Mapaa ya Jiji Yatangulie: Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Tanga

Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani, na wewe Mkurugenzi wa Jiji la Tanga,

(Nakala: Meneja wa TANESCO Mkoa wa Tanga, na EWURA)



Naandika kuhusu mapaa. Sidhani kama yupo mtu au kampuni mjini hapa yenye mapaa mengi kama Halmashauri yenu: shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, masoko, ofisi za kata, hadi jengo mnamoketi kujadili bajeti. Karibu yote hufanya kazi mchana na kufungwa jua linapozama. Ombi langu nalitanguliza ili mwenye haraka asilitafute mwishoni: kabla hamjatuhimiza sisi wananchi tufunge umeme wa jua, fungeni kwenye mapaa yenu kwanza, na mkiwa katika kazi hiyo mfungue mafundo ambayo mwenye nyumba mmoja mmoja hana ubavu wa kuyafungua.

Kila mara likizungumzwa suala hili mikutanoni, husemwa kwamba wananchi hawana elimu ya sola. Kwa upande wetu huu wa pwani sikubali. Vijiji vya Mkinga, Muheza na Pangani viliijua sola kabla ya nguzo za umeme kufika. Katika miaka ya 2010 kampuni zilizoanzia Arusha, kama Off-Grid Electric, zilisambaza paneli ndogo na taa za kulipia kidogo kidogo kwa simu, na watu wakazichukua bila kuhubiriwa. Kisha Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaleta nguzo, gharama ya kuunganishwa kijijini ikawa shilingi 27,000, na paneli nyingi zikaachwa juu ya bati bila kazi. Watu wale hawakusahau elimu yao. Walipiga hesabu upya, wakaona umeme wa nguzo una nafuu. Mjini vilevile, mtu anayepita chini ya waya wa TANESCO kila siku anataka kwanza kuonyeshwa faida.

Basi tuipige hesabu yenyewe. Kwa bei zilizowekwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti. Mteja wa kawaida wa T1 hulipa 292. Ongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1. Wa kwanza anafika 122 na wa pili 356. Ndiyo maana majirani wawili wakinunua umeme wa shilingi 5,000 kwenye simu, mmoja anapata uniti 41 na mwenzake 14, na ugomvi wa kwamba "LUKU inaiba" unaanzia hapo.

Kilowati moja ya paneli, kwa jua letu, hutoa wastani wa uniti nne hivi kwa siku, yaani 120 kwa mwezi. Kwa mteja wa T1 uniti hizo zina thamani ya shilingi 42,720. Kwa mteja wa D1 zina thamani ya 14,640, na hata hivyo hazitumii zote. Kwa hiyo mjane wa Makorora mwenye taa tatu, feni na televisheni asilaumiwe kwa kutofunga sola. Bei nafuu anayopewa imekwisha kumfanyia uamuzi, na kwake ni uamuzi mzuri. Wa kuifikiria sola ni yule anayetumia umeme mwingi mchana kwa bei ya T1: duka lenye majokofu, saluni, hoteli ya Raskazone, karakana ya kuchomelea vyuma, muuza barafu wa mwalo wa Deep Sea, msikiti wenye pampu ya maji ya udhu. Na shule, ambazo ni zenu.

Lakini wako maskini wanaolipa bei ya tajiri, na hao nataka tuwatazame kwa kituo.

Nyumba zetu za Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, mnazifahamu. Korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, mita moja ukutani. Kila chumba kikitumia uniti 25 tu, nyumba nzima inasoma 150 na inahesabiwa T1: shilingi 53,400 kwa mwezi. Vyumba hivyohivyo vingekuwa na mita sita, jumla ingekuwa 18,300. Wapangaji wanalipa shilingi 35,100 za ziada kila mwezi kwa kosa la kuishi chini ya paa moja. Kutenganisha mita nako kuna gharama yake: kwa ada iliyotangazwa mwaka 2022, kuunganishwa mjini ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo ni shilingi 320,960, na sijui mpangaji wa chumba kimoja atakayezitoa kwa nyumba ambayo huenda mwakani akahama. Sasa Serikali inatuhimiza kupika kwa nishati safi, na mkakati uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni lengo jema. Lakini chumba kimoja kikileta jiko la umeme, mita ya korido inapanda zaidi na lawama za kuchangia LUKU zinaanza asubuhi yake.

Nyumba kama hii ndiyo sola ingeifaa kuliko zote. Ikipata kilowati moja juu ya paa, umeme wake wa mchana ukahifadhiwa au ukahesabiwa kwenye gridi, na uniti zinazonunuliwa zikashuka hadi 70, kisha TANESCO wakaikubali katika kundi la D1, gharama yake ingetoka 53,400 hadi 8,540. Sidhani kuna jumba la Raskazone linaloweza kupunguza gharama zake kwa kiasi hicho kwa kilowati moja tu. Na bado nyumba hizi ndizo zitakazokuwa za mwisho kufunga sola, kwa sababu anayemiliki paa hanunui LUKU, na anayenunua LUKU hana paa.

Hili si jipya kwenu. Kodi ya majengo ilipoanza kukusanywa kupitia LUKU mwaka 2021, wapangaji ndio waliojikuta wakikatwa kodi ya mwenye nyumba, wakaambiwa wakaelewane naye. Leo ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kiasi ni kidogo, na kwa sababu hiyo simuungi mkono mtu anayependekeza kwamba tusamehewe kodi hiyo ili tufunge sola; shilingi 18,000 kwa mwaka hazimpandishi mtu juu ya paa. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha jinsi mita moja inavyoweza kuwabebesha watu wasiohusika mzigo wa mwingine, na jinsi jambo hilo linavyopita bila kusemewa.

Liko fundo jingine ambalo sijaliona kwenye taarifa za nishati, nalo ni letu hasa watu wa pwani: nyumba ya urithi. Baba amefariki miaka ishirini iliyopita, mirathi haijafungwa, warithi ni saba na watoto wao, nyumba ni ya shirika. Nyumba yetu sisi ni ya namna hiyo. Ndugu mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Maskati, waliobaki tupo hapa. Yule wa Maskati alijitolea kununua paneli na betri. Shangazi akauliza swali moja tu: "Mkishazifunga, zitakuwa za marehemu au za aliyezinunua?" Kikao kikaishia hapo. Shangazi hakuwa mkorofi. Kilichofungwa kwenye nyumba ya shirika ni cha nani siku ya kugawana? Nyumba ikiuzwa, paneli zinahesabiwa ndani ya bei au zinashushwa? Mtu asiyepata jibu la maandishi hatatia fedha zake juu ya paa la watu saba, hata paneli ziwe rahisi namna gani. Na rahisi zimekuwa kweli: duniani bei yake imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 2010, na Sheria ya VAT ya mwaka 2014 iliziweka paneli, inveta na betri za sola kwenye orodha ya msamaha. Bei imeshuka, lakini swali la shangazi liko palepale.

Hapa Halmashauri inaweza kusaidia kwa gharama ya karatasi. Mwanasheria wa Jiji aandike mkataba wa mfano wa kurasa mbili, kwa Kiswahili cha kawaida, unaosema paneli ni mali ya aliyezifunga, atazishusha vipi na lini, nani anaziba matundu ya bati, na umeme unagawanywaje. Uwepo wa namna mbili, mmoja kwa warithi na mwingine kwa mwenye nyumba na wapangaji wake. Upatikane ofisi ya kila kata na kushuhudiwa hapohapo. Wapangaji wakijua kwamba kodi ya chumba itapanda kwa kiasi kilichoandikwa wakati LUKU inashuka kwa zaidi ya hicho, wataelewana. Mwenye nyumba naye atakuwa na sababu ya kugusa paa lake.

Nirudi kwenye paa lenyewe, kwa kuwa mafundi wa ujenzi hawaulizwi. Jua letu ni la ukarimu. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta, jua linapita karibu utosini mwaka mzima, na paneli iliyolazwa upande wowote wa paa lenye mteremko mdogo inavuna karibu sawa. Mjerumani lazima atafute upande wa kusini wa nyumba yake; sisi hatuna taabu hiyo. Taabu yetu ni chumvi na upepo. Hewa ya bahari inakula misumari na vibanio kuanzia Chumbageni hadi Mwambani, na bati la geji 32 lililopigwa kwa misumari ya kawaida linaanza kulia kutu mapema kuliko miaka 25 ambayo paneli inatarajiwa kuishi. Paneli ya kisasa ya wati 550 ina eneo la mita za mraba 2.6 hivi na uzito wa kilo 28 hivi. Mbili zinatosha kutoa hiyo kilowati moja. Uzito huo kenchi nzuri inaubeba. Kinachong'oa paneli ni kusi, inayoingia chini yake na kuiinua pamoja na papi zake. Tena paneli ikibanwa moja kwa moja juu ya bati la moto bila nafasi ya hewa, joto lake linaweza kuzidi nyuzi 60 na kupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme wake. Fundi aliyezoea bara anaweza asiyajali hayo yote. Aliyewahi kubadilisha bati Raskazone mara mbili anayajua.

Kwa hiyo mtu anayetaka kufunga sola juu ya nyumba ya zamani anagundua kwamba gharama ya kwanza ni paa: kenchi ziongezwe, papi zibadilishwe, bati jipya. Hapo ndipo wengi wanarudi nyuma, na wanahesabiwa kuwa watu wasiojua faida ya sola.

Nyumba ya kesho, hata hivyo, bado haijajengwa, na kibali chake cha ujenzi kitapita mezani kwenu. Pendekezo langu ni dogo. Kila ramani ya ghorofa, jengo la biashara au jengo la umma ionyeshe sehemu ya paa iliyoachwa wazi bila simtanki wala dishi, kenchi zinazoweza kubeba paneli, na bomba la waya kutoka darini hadi kwenye ubao wa swichi. Wakati wa kupaua, vitu hivyo ni nyongeza ndogo. Baada ya kupiga dari ni kubomoa. Sipendekezi mumlazimishe mtu kununua paneli. Kenya ilijaribu kulazimisha mwaka 2012, kwa kanuni zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafunge mitambo ya kupashia maji kwa jua, na utekelezaji ukasuasua. Lazima bila mkaguzi huzaa rushwa tu. Kuandaa paa ni jambo ambalo mkaguzi wenu anaweza kuliona kwa macho siku anapokuja kukagua jengo wakati wa kupaua. Nyumba ndogo za kuishi ziachwe nje ya sharti hili.

Suala la uaminifu nalipitia haraka kwa kuwa kila mtu ana kisa chake. Msikiti mmoja wa jirani zetu ulichangishana ukafunga sola ya feni na kipaza sauti. Betri zikafa kabla ya Ramadhani ya pili, fundi hapatikani kwa simu, na tangu siku hiyo mtaa mzima unasema sola ni utapeli. Betri zile zilikuwa za maji, zikinyonywa hadi mwisho kila usiku, na betri ya namna hiyo haiwezi kuvumilia. Wapo pia waliofunga mfumo unaotegemea gridi wakidhani wamemaliza tatizo la kukatika umeme, kisha TANESCO wakikata nao wanabaki gizani mchana wa jua kali. Mfumo ule umeundwa ujizime gridi inapozimika, asije akauawa fundi aliye juu ya nguzo. Anayetaka umeme wakati wa kukatika anahitaji inveta ya aina nyingine pamoja na betri, na alipaswa kuambiwa kabla ya kulipa. EWURA inatoa leseni kwa mafundi umeme na TBS inasimamia viwango vya bidhaa. Kubandikwa orodha ya mafundi wenye leseni kwenye ubao wa matangazo wa kata hakuhitaji sheria mpya. Na ile asilimia 10 ya mapato yenu inayokwenda kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ingeweza kumpa kijana aliyetoka chuo cha VETA ngazi imara, kipima umeme na mkanda wa usalama, mradi leseni iwe sharti.

Sasa TANESCO na EWURA, ambao nimewapa nakala. Nchi hii inazo kanuni za mwaka 2018 zinazomruhusu mwenye paneli kuingiza ziada yake kwenye gridi na kuhesabiwa kwa mita inayosoma pande zote mbili. Mimi sijakutana na mkazi wa Tanga anayeitumia. Bila mita hiyo, nyumba ya korido, ambayo watu wake hawapo mchana, inalazimika kununua betri, na betri ndiyo inayomeza fedha. Shule inayofungwa Juni na Desemba inatupa umeme wa likizo nzima. Kenya imetoka na kanuni zake za namna hii mwaka 2024, nyuma yetu kwa miaka sita. Tusije tukazidiwa katika kuzitumia.

Najua hofu ya TANESCO, na si ya kupuuza. Bei ya 100 kwa mjane wa Makorora inabebwa kwa sehemu na wanaolipa 292. Wenye majokofu na hoteli wakijitoa, nani atambeba? Pakistan imekwisha kuionja hali hiyo. Bei ya umeme ilipopanda, watu waliingiza paneli zenye uwezo wa gigawati 17 hivi kutoka nje katika mwaka 2024 peke yake, mara nane ya uwezo wa Bwawa la Nyerere, na hakuna aliyewahamasisha zaidi ya bili zao. Gridi ikapoteza wateja wake bora, na Serikali ikaanza kutafuta namna ya kupunguza bei ya kununua ziada zao. Sisi tuna nafasi ya kuanza taratibu, kwa kikomo kinachojulikana kwa kila transfoma na bei ya ziada isiyomwumiza asiye na paneli. Kukaa kimya hakutazuia watu kuondoka. Kutawafanya waondoke na betri, bila mita na bila takwimu.

Tena Tanga ina hoja yake mahususi. Mwezi Machi 2025 Rais alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na sababu mojawapo ilikuwa umeme unaopotea njiani ukitoka mbali kusini. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, na nchi ilihitaji kulijenga, lakini liko Rufiji. Umeme unaozalishwa juu ya soko na kutumika ndani ya soko haupotei njiani. Sisi ni watu wa mtoni kwa asili: kampuni iliyoipa TANESCO jina lake ilianzishwa mwaka 1931 ikitegemea maporomoko ya Mto Pangani, na mpaka leo Hale ina mitambo ya megawati 21 na New Pangani Falls megawati 68. Mvua zikikosekana juu kule, mto unapungua na mitambo inapungua nao, wakati jua la kiangazi ndilo kali zaidi. Ndugu zetu wa Pemba nao wanategemea kebo inayotoka hapa Tanga kupita chini ya bahari tangu 2010, mwaka uleule ambao Unguja ilitoka kwenye giza lililodumu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi. Waliokuwa na uwezo walinunua jenereta, wengine wakanunua mishumaa. Siku hizi wa kwanza angeweza kununua paneli. Wa pili angebaki na mishumaa, tusipopanga mapema.

Kwa nini basi nasisitiza mapaa ya umma? Kwa sababu yanakwepa karibu kila fundo nililolitaja. Shule haina warithi saba. Soko lina mwenye mmoja, ambaye ndiye anayelipa umeme. Zahanati inatumia friji ya chanjo na taa mchana kwa bei ya T1. Na yako mahali pa kuonekana. Mwaka 2012 watafiti wawili, Bryan Bollinger na Kenneth Gillingham, walionyesha kwa takwimu za California kwamba paneli zikishafungwa kwenye mtaa, majirani nao huelekea kufunga. Sisi hatukuhitaji mtafiti. Hivyo ndivyo bati la rangi lilivyoenea Mikanjuni. Mzazi akiona shule ya mwanawe ina pampu inayovuta maji kwa jua, na akaonyeshwa daftari la LUKU kabla na baada, ataamini kuliko redio. Na fundi aliyefunga pale atakuwa anajulikana kwa jina.

Fedha? Umeme wa LUKU tunaununua kwa kupimiwa, kama mafuta ya kula dukani, na sola inataka ulipie debe zima siku ya kwanza. Huo ndio ugumu wake, kwa mtu binafsi na kwa Halmashauri. Lakini jiji hili haliwezi kusema halijui kutafuta fedha za kulipwa kwa muda mrefu. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10 na riba ya asilimia 13.5, na wawekezaji wakaleta zaidi ya kilichoombwa. Mapaa ya shule na masoko hayahitaji hata sehemu ndogo ya fedha hizo. Yanahitaji mtu wa kupiga hesabu ya LUKU za majengo yote ya Jiji na kuona ni kiasi gani kinachomwagika kila mwezi. Huko Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014. Sisi hatuombi hizo. Tuanze na kilowati tano juu ya shule moja, tano juu ya zahanati, na zinazowezekana juu ya soko.

Ninachokiogopa ni uzinduzi. Utepe ukatwe, picha zipigwe, na baada ya miaka miwili paneli ziwe zimefunikwa na vumbi na kinyesi cha kunguru, kunguru wetu hawa wasio na adabu, kwa sababu hakuna fungu la kulipa mtu wa kuzifuta wala skrubu za kubadilisha. Kila mradi uwe na mstari wake wa matengenezo katika bajeti ya mwaka, na mwalimu mkuu au mganga mfawidhi abandike ukutani kila mwezi uniti zilizovunwa na uniti zilizonunuliwa. Zikishuka, wazazi watauliza.

Waheshimiwa, jirani yetu Chongoleani ndipo mwisho wa bomba la kilomita 1,443 la kuleta mafuta kutoka Hoima, na mipango yake imejadiliwa na marais. Mapaa ya shule zenu yanahitaji uamuzi wa kikao chenu tu. Vikao vya bajeti vinakaribia. Tunaomba fungu la sola kwa majengo ya Jiji liwemo, mkataba wa mfano uandikwe, na sharti la ramani lipelekwe kwenye kamati ya mipango miji. Kama kuna sababu ya kutofanya hivyo, tunaomba tuelezwe kwenye mikutano ya kata zetu, hesabu zikiwa mezani, ili nasi tuzijibu.

Wenu katika ujenzi wa Jiji,

Mkazi wa Ngamiani, Tanga